Mgeni wa Anga Akitua Isiolo, Mwenyeji ni Nani?

Mwambie kijana yeyote wa Kenya mwenye programu ya kuhariri picha akuchoree kiumbe kutoka sayari nyingine. Utaijua picha kabla hajaimaliza. Kichwa kikubwa kama boga, macho meusi yasiyo na kope, ngozi ya kijivu au buluu, na nyuma yake mawingu ya zambarau yenye nyota zilizomwagwa kama sukari mezani. Akitaka iwe "ya Kiafrika", anaongeza shanga shingoni na shuka nyekundu begani. Imeisha hiyo. Anaiweka mtandaoni, watu wanaandika "noma sana", na kesho msee mwingine analeta ya kwake, tofauti ikiwa ni rangi ya shuka.

Mimi sina ugomvi na zambarau. Wala sina haja ya kumkejeli mtu aliyejifunza kuchora kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akitumia bando la kuombaomba. Huyo anastahili heshima. Ninachouliza ni kitu ambacho picha hizi huwa hazijiulizi: mgeni huyu anafika kwa nani? Nani anayemwona, amesimama wapi, na anamwita mgeni kwa haki gani? Kwa maoni yangu, mchoro wa aina hii hupona au hufa hapo. Na ni sehemu chache za Kenya ambapo swali hilo lina uzito kama Isiolo.

Neno moja, watu wawili

Kwa Kiingereza, kiumbe wa sayari nyingine na mtu asiye raia wanaitwa kwa neno moja: alien. Kwenye sinema anashuka na chombo kinachowaka taa. Kwenye makaratasi ya serikali yuko kwenye foleni, ameshika bahasha ya kaki, anasubiri kuitwa. Kiswahili nacho kina "mgeni", neno lenye joto zaidi, ila hata hilo hubadilika kulingana na anayelitamka. Karibu mgeni. Wewe ni mgeni hapa. Unasikia tofauti?

Isiolo imeishi ndani ya tofauti hiyo. Mji huu uko pale ambapo mashamba ya Meru yanaishia na nchi kavu ya wafugaji inaanzia. Sokoni utamkuta Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru wakibishana bei ya kitu kimoja kwa Kiswahili kimoja. Lakini wakati wa ukoloni Isiolo ilikuwa ndani ya eneo la mpaka wa kaskazini, lile lililojulikana kwa herufi tatu, NFD. Lilikuwa eneo lililofungwa, kuingia na kutoka ni kwa kibali. Uhuru ulipofika Desemba 1963, mwezi huo huo kaskazini ikatangaziwa hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walisimamishwa foleni ili wathibitishe kwamba ni Wakenya, wakapewa kadi nyingine juu ya kitambulisho. Na ni Februari 2025 tu, juzi hapa, ambapo Rais William Ruto alitangaza kwamba ule uchunguzi wa ziada kwa kijana wa kaskazini anayeomba kipande umefutwa. Mpaka leo bado utamsikia mtu wa huko akisema "nashuka Kenya", akimaanisha Nairobi.

Sasa basi, mchoraji wa Isiolo anapofungua faili jipya na kuandika jina "alien 01", hachezi na ndoto ya sinema peke yake. Anagusa neno ambalo huenda mjomba wake aliwahi kurushiwa na karani dirishani. Anaweza kulipuuza, ni haki yake. Lakini akilipuuza, ajue ameacha mezani kitu ambacho mchoraji wa California hana.

Programu nayo ina kumbukumbu

Kabla ya kuwalaumu vijana, tuangalie chombo chenyewe. Photoshop ilianzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll. John alikuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya kutengeneza maajabu ya sinema. Kabla programu hiyo haijaingia sokoni mwaka 1990, ilikuwa imeshatumika kwenye filamu ya The Abyss ya 1989, katika tukio la kiumbe wa maji anayenyanyuka kama mkono usio na vidole, kisha anaiga nyuso za watu walio mbele yake. Yaani programu hii na kiumbe wa ajabu walikua pamoja, nyumba moja. Ndiyo maana ukiifungua ni kama inakuvuta huko: brashi za moshi, brashi za nyota, mng'ao wa buluu tayari umepangwa unakusubiri.

Na ile zambarau? Nyingi ya picha za anga tunazopakua ni watoto wa darubini ya Hubble. Ile maarufu zaidi, ya nguzo za gesi katika nebula ya Tai, ilipigwa 1995. Rangi zake zilipangwa na wanasayansi: mwanga wa salfa ukapewa nyekundu, wa haidrojeni ukapewa kijani, wa oksijeni ukapewa buluu. Haikuwa uongo, maana kila rangi inakuonyesha gesi fulani iko wapi. Lakini ni uamuzi. Ungesimama karibu na nguzo hizo, macho yako yasingeona rangi zile. Kwa hiyo msanii anayeiga rangi za Hubble akidhani anaiga anga lenyewe, anaiga uhariri wa mtu mwingine. Kama wao walichagua, wewe nani amekukataza?

Programu za bure zipo, Krita na GIMP kwa kompyuta, na nyingine kibao za simu. Kwa hiyo uhaba wa vifaa, ingawa ni wa kweli, hautoshi kueleza kwa nini picha zetu zinafanana. Zinafanana kwa sababu tunaanza na mandhari ya nyuma, tunamtafuta mtu wa kumweka mbele, halafu tunasema kazi imekwisha.

MaaSci: ilichofungua, na mlango ilioacha

Mfano wa Kenya unaotajwa sana kwenye mada hii ni MaaSci, mfululizo wa mwaka 2017 wa mchoraji wa kidijitali Jacque Njeri. Jina lenyewe linaunganisha Wamaasai na hadithi za kisayansi. Ni picha zilizounganishwa kwa kompyuta: Wamaasai, mavazi yao na mapambo yao, wakiwa kati ya sayari, miezi na vyombo vya anga. Zilizunguka dunia nzima, na kwa haki. Kwa miaka mingi Mmaasai ndiye sura ya kadi za posta za Kenya, mtu wa "zamani" anayepigwa picha kabla hajatoweka. Njeri akageuza saa. Akamweka mbele yetu kwa wakati, si nyuma yetu, na hakumvika kofia ya mwanaanga ili kumhalalisha. Katika MaaSci, Mmaasai hashangai kuwa angani. Sisi watazamaji ndio tunaoshangaa. Hilo ni jambo kubwa, na lilifanywa kwa njia nyepesi sana.

Lakini waliomfuata wengi walichukua nguo wakaacha wazo. Cheki picha za mkondo huu zilizofuata: moran yule yule, amesimama kwa mguu mmoja, fimbo ile ile. Kilichobadilika ni kwamba nyuma yake mbuga imetolewa na Zohali imewekwa. Ukiificha ile leya ya nyuma, unabaki na kadi ya posta. Mtu huyo hafanyi kitu huko angani. Hana safari, hana kazi, hana anayemsubiri nyumbani. Amehamishwa tu, kama kiti.

Na kuna mlango ambao MaaSci yenyewe iliuacha wazi bila kuingia: Mmaasai ndiye jamii ambayo dunia tayari inamjua. Angekuwaje Mborana wa Merti? Mturkana wa Ngare Mara? Bibi Msomali wa Bulla Pesa? Mtazamaji wa mbali asingekuwa na kadi ya posta kichwani ya kulinganisha, kwa hiyo picha ingelazimika kufanya kazi zaidi. Ingebidi imjenge mtu kuanzia mwanzo. Hilo ni gumu, na ndilo linalohitajika.

Wakenya wengine wawili wametuonyesha namna ya kujenga. Osborne Macharia, mpiga picha anayepanga watu halisi na mavazi kisha kumalizia kwa kuhariri, huwapa wahusika wake historia ya kubuni: katika Nyanye, wale bibi wenye mitindo ni viongozi wastaafu wa mashirika na serikali wa miaka ya 1970. Unapoangalia picha unahisi kwamba hao akina mama walikuwa na maisha kabla kamera haijafika. Wangechi Mutu naye, mwaka 2019, aliweka wanawake wanne wa shaba kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wameketi, wamefunikwa mizunguko ya shaba kama nguo, na visahani vinavyong'aa vimewekwa kichwani au usoni. Hakuna kompyuta hapo, lakini swali ni letu: ni wageni kutoka wapi hawa? Nao wamekaa kama ambao jengo hilo ni lao. Mutu alichukua mapambo ya kweli ya Kiafrika, akayasogeza kutoka mahali pake pa kawaida mpaka yakawa mapya. Shanga za kubandika haziwezi hilo.

Anga la Isiolo lina wasomaji wake

Tukija kwenye anga lenyewe, hapa ndipo napata hasira kidogo. Tunachukua anga la darubini ya Marekani na kuliweka nyuma ya mtu wa kaskazini, ilhali watu wa kaskazini wana elimu ya nyota iliyoandikwa vitabuni kitambo. Asmarom Legesse aliieleza kalenda ya Waborana katika kitabu chake kuhusu Gada, kilichotoka 1973. Ina miezi 12 ya mwandamo, na majina 27 ya siku yanayozunguka bila wiki. Wataalamu wake, ayyaantu, hutambua miezi kwa kuangalia mwezi unavyokutana na nyota fulani. Miongoni mwazo kuna kundi wanaloliita Busan, ambalo Mswahili wa pwani analiita Kilimia, kwa sababu lilimwambia wakati wa kulima. Nyota zile zile, mkulima anasoma jembe, mfugaji anasoma mwezi wake. Baada yake wanakuja Bakkalcha, kisha nyota za Orion, mpaka Basa, ile inayong'aa kuliko zote usiku.

Kumbuka pia kwamba Isiolo iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo katika mwaka mmoja unaona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Na Kenya yenyewe si mgeni kwenye mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikaitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu. Wataliano na Wamarekani ndio walioirusha, sawa, lakini jina ni letu.

Waborana wa Isiolo wanaikumbuka miaka ya vita vya shifta na kambi za kufungiwa kwa jina gaafa Daaba, yaani wakati wa kusimama. Fikiria: watu wanaohesabu siku kwa mwendo wa mwezi na nyota, wakasema wakati umesimama. Hiyo tayari ni hadithi ya kisayansi. Haihitaji chombo chochote kinachowaka taa. Mchoraji anayeijua hadithi hiyo atapanga nyota zake tofauti. Hatazimwaga kwa brashi. Atajua Busan iko wapi na mwezi uko wapi, na mzee wa Garba Tulla akiiona picha ataweza kuitaja siku. Hebu waza mtazamaji wa namna hiyo!

Mwili, mwanga, na vumbi

Tukirudi kwenye ufundi. Udhaifu wa kwanza wa picha hizi ni mwanga. Uso umepigwa picha jioni, jua la pembeni, dhahabu. Nebula inaangaza kutoka upande wa pili. Mabega hayaangazwi na kitu. Jicho la mtazamaji linakataa hata kama hajui kwa nini. Isiolo inakufundisha mwanga wake: saa sita mchana, hasa Machi na Septemba, jua liko utosini. Kivuli kinaingia chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu. Ni mwanga mkali, hauna huruma, wapiga picha wa utalii wanaukimbia. Kwa mgeni wa anga ungekuwa kamili. Mchore saa sita kamili stendi, bila giza la kumfichia kingo zilizokatwa vibaya, tuone kama unaweza.

Pili ni mwili. Kile kiumbe cha kijivu chenye kichwa kikubwa kina ukoo wake: visa vya Marekani vya miaka ya 1960, kisha sinema za miaka ya 1970. Ni wazo la watu wanaoamini kwamba akili ikikua mwili unasinyaa. Sawa, lakini hebu tuanze na ukame. Dakika chache kutoka mjini kuna hifadhi ya Buffalo Springs, na humo yuko swala twiga, ambaye husimama kwa miguu miwili ya nyuma ale majani ya juu, na maji yake mengi huyapata kwenye majani hayo hayo. Yuko choroa, anayeweza kuacha mwili wake upande joto sana badala ya kupoteza maji kwa jasho. Yuko ngamia, anayefunga pua zake vumbi likija. Hawa wameshatatua shida za sayari kavu. Kiumbe aliyejengwa kwa mantiki yao, shingo hii kwa sababu hii, pua hii kwa sababu ile, ataaminika kuliko wa kijivu hata akichorwa kwa kidole kwenye simu. Na rangi? Ewaso Ng'iro ikijaa ina rangi yake ya udongo. Mikoma kandokando yake ina kijani kilichochoka. Debe la maziwa ya ngamia ni manjano inayopiga kelele. Hapo una rangi tatu ambazo Hubble haikukupa.

Tatu, na hapa tuongee kwa adabu, ni vitu vya watu. Kallacha, pambo la paji la uso la viongozi wa kimila wa Borana, linavutia sana kwa mchoraji, linafanana kabisa na kitu kilichotoka anga za mbali. Lakini lina wenyewe na lina masharti. Kulikata kutoka kwenye picha ya mzee fulani na kulibandika kwa jini wa buluu si ubunifu, ni uvivu wenye madharau. Vilevile uso wa binti uliyempakua bila kumjua. Watu wa kaskazini wameshapigwa picha mno na watu ambao hawakurudi. Siku hizi mashine zinazochora zenyewe zimezidisha: unaandika maneno matatu, inakuletea shingo ndefu na shanga za makabila manne kwa mpigo. Tunapaswa kuwa watu wa kwanza kuicheka hiyo.

Sasa mwenyeji

Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi. Nikiona mchoro wa mgeni wa anga, namtafuta mwenyeji. Si lazima awe ndani ya fremu. Anaweza kuwa kwenye urefu wa jicho la kamera, kwenye kikombe kilichowekwa chini, kwenye nyota zilizopangwa na mtu anayezijua. Lakini lazima awepo. Asipokuwepo, mgeni anaelea, na tunaishia na pambo la kioo cha simu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Isiolo, walioulizwa miaka yote hiyo wao ni nani na wametoka wapi, wana haki ya kuwa upande wa pili wa msemo huo angalau kwenye sanaa. Wachorwe wakiwa wanaokaribisha, wanaouliza habari, wanaoamua. Nataka kuiona picha ambayo mama muuza maziwa ameketi juu ya debe lake akingoja basi la Nairobi, na kiumbe wa shingo ndefu amesimama mbele yake na vumbi magotini. Mama hashangai. Anamtazama kama anavyomtazama mteja asiyemjua: amekunywa nini huyu tangu asubuhi, na ana pesa? Salamu ya Kiborana ni nagaa, amani. Amsalimie hivyo, kisha ampimie.

Picha hiyo sijaiona bado. Ikichorwa, haitahitaji programu ya bei ghali wala brashi mpya. Itahitaji mtu aanze na leya ya mama, amalize uso wake, mikono yake na kivuli chake cha saa sita, ndipo afungue leya ya mgeni.